Ua Letu Lenye Majani Kumi Yaliyoumwa

Mpendwa brathe Mutua,

Kabla sijakusalimu, ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Kuanzia mtaa wetu wa Jericho hadi mtaa wa Donholm hajazaliwa kijana wa kunishinda kuchora ua kwa kompyuta, na nikisema ukweli wote, hata Mungu nilimpa kazi. Maua yake yananyauka kabla ya Mwaka Mpya. Langu la Krismasi ya mwaka juzi bado limo ndani ya mashine ya Mzee Wafula, jekundu vilevile, na halijaomba maji hata siku moja. Na shule niliachia kidato cha pili! Ningemaliza, saa hii mngekuwa mnanisalimia kwa miadi.

Niaje lakini? Anwani yako sina, ndiyo maana barua hii iko wazi kwenye jarida la kanisa, hata wambea wapate kusoma. Mzee Wafula ndiye anayelichapa. Amenionya niandike Kiswahili cha watu. Najaribu.

Unakumbuka ofisi yake? Kachumba pale sokoni Jericho, kompyuta moja imefunikwa kitambaa cha kufuma, na sharti la kuvua viatu mlangoni utadhani unaingia mbinguni. Ulikuwa unapitia saa ya chakula ukitoka kuchonga, nywele zimejaa unga wa mbao, na Mzee anakuzuia nje.

"Wewe Mkamba, jikung'ute kwanza! Hii mashine ikivuta hilo vumbi itaanza kukohoa."

Unajikung'uta, unaingia na soksi zako za matundu, unasimama nyuma yangu. Kanisa lilikuwa limetuomba kadi za Krismasi za kuwapelekea wagonjwa wa mtaa, na mimi ndiye msanii.

"Hilo ni ua la nini?" uliniuliza siku ya kwanza. "La matanga?"

"La Krismasi, buda. Huoni?"

"Naona kiazi."

Ukatoka, ukarudi na tawi la ule mti mwekundu ulio kando ya bomba letu la maji, linadondosha utomvu mweupe kama maziwa juu ya kitambaa cha Mzee, naye anapiga kelele. Ukanionyesha: haya mekundu ni majani, ua lenyewe ni hivi vipunje vya manjano hapa katikati. Nilikuwa nimeupita mti huo maisha yangu yote nikienda kuchota maji, na sikuwa nikijua. Nikakujibu kwamba najua, nilikuwa nakupima tu.

"Usichore ua," ulisema. "Chora jani moja. Anzia kwenye mshipa wa katikati, kama mimi na mbao. Hilo moja likikaa vizuri, umemaliza."

Na programu ile ndivyo ilivyotaka hasa. Unachora jani, unalinakili, unalizungusha kidogo, unanakili tena. Ila kipanya kiliniteleza, ukingo wa jani ukaingia pengo. Nilipotaka kulifuta ukanishika mkono. "Liache. Jani ambalo mdudu hajaligusa ni la plastiki." Nikaliacha, nikazungusha, na mwisho yakatokea majani kumi, yote yameumwa mahali pamoja. Ulicheka hadi ukakaa sakafuni. "Mdudu gani huyu anakula na rula?" Hata mimi nilicheka, ingawa moyoni nilijiambia huyu ananionea wivu.

Ndiyo, nilianza mapema. Nikikwambia mimi ni mtu wa kushuku, usidhani najisifu, kujisifu ni kazi yangu ya pili.

Printa ya Mzee haikujua rangi. Ua langu lote la moto lilitoka la kijivu kama jivu la jiko, na vijana wa kanisa wakakaa wiki nzima wakilipaka kadi baada ya kadi kwa kalamu nyekundu. Jumapili ya kuzigawa, nimevaa shati lako la mistari, nasubiri makofi, dada mmoja wa kwaya akafungua mkoba akatoa kalenda. Alikuwa amepewa zawadi kwenye duka moja Donholm. Ua la Krismasi, jekundu la kuwaka, majani kumi, yote yameumwa mahali pamoja.

"Kioko," alisema kwa sauti ya wote kusikia, "kumbe hili umeiga dukani?"

Watu walicheka, brathe. Wewe hukucheka. Na hilo ndilo lililonifanya nikuangalie.

Pale pale kichwani nikafungua kesi. Diski yangu, nakala pekee iliyokuwa nje ya mashine ya Mzee, ilikaa nyumbani ndani ya mkebe wa kakao chini ya kitanda, na waliojua ni mimi na wewe. Wiki hiyo ulikuwa umekwenda Donholm mara mbili kupeleka twiga za mbao za mteja. Uliwahi kuniuliza kama diski huharibika ikipigwa na jua. Mtu anayepita tu anauliza hivyo kwa nini? Na siku ile ulikuja na viatu vipya, ukasema umepewa na mteja. Mteja gani anajua namba ya mguu wa mchongaji?

"Ni Mutua," nikasema. "Mutua ndiye aliyeliuza ua langu."

Mama alinivuta shati. "Kioko, nyamaza. Huyo ni kaka yako, na hapa ni kanisani."

"Mwache aseme," ulisema wewe. Ukanisogelea hadi nikanusa varnishi mikononi mwako. "Nimeliuza kwa nani?"

"Wewe ndiye unajua."

"Diski ilitoka lini kwenye mkebe?"

"Haijawahi kutoka. Labda ulipoitoa wewe."

Ukaniangalia hivi, kama unavyoangalia mbao yenye ufa ndani, unapima kama inafaa kuendelea nayo. "Haya," ulisema. Neno moja tu. Ukageuka kwenda nyumbani, na kwaya yote ikitazama hivyo viatu.

Baada ya hapo uliniita "wewe" tu, jina langu likaisha. Ijumaa ukafunga patasi zako kwenye gunia, ukamwambia Mama unakwenda pwani, kule wachongaji wanahitajika. Mimi nikakaa kwenye ngazi najifanya nasoma gazeti. Kusema kweli nilikuwa nasoma ukurasa wa mbio za farasi, na hata kubeti sibeti.

Krismasi mbili zimepita. Mama anapika chapati, anamwaga unga mwingi kama bado tuko watatu, kisha ananilaumu mimi kwamba sili. Na yeye namshuku vilevile. Mwezi uliopita nilimkuta anacheka peke yake jikoni, na aliponiona akasukuma kitu ndani ya leso. Nadhani unamwandikia. Nadhani kuna mtu anazileta barua mkono kwa mkono, na nadhani ni Mzee Wafula, maana siku hizi akiniona anakohoa na mashine haina vumbi lolote. Wote mmenizunguka. Nisingewalaumu, ila ningependa kujua kama unakula vizuri, na kama kule wanakuchongesha twiga zilezile.

Sasa kwa sababu nilikushtaki mbele ya kanisa, na hili nalisema mbele ya kanisa.

Ni mimi niliyeipeleka diski. Jumamosi moja, wewe ukiwa kazini, niliitia mfukoni nikaenda Donholm kwenye ofisi moja yenye printa ya rangi, kwa sababu nilikuwa sijaona ua langu likiwa jekundu kwenye karatasi. Msichana wa pale, Akinyi, alinichapia moja. Lilipotoka nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaniuliza kama nimechora mwenyewe, nikamjibu, "Nani mwingine?" Jina lako sikulitaja. Kisha, ili asinisahau, nikamwambia alitunze kwenye mashine yao.

Siku ile kanisani nilikuwa nimeshaisahau Jumamosi hiyo, nakuapia. Lakini Jumatano nilikumbuka, nikarudi Donholm. Akinyi akanifungulia faili nikaliona, na akaniambia mwenye duka aliyekuja kuchapisha kalenda alilipenda, akadhani ni la ofisi yao.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Wewe uliondoka Ijumaa. Siku mbili nzima ulikuwa umekaa mlangoni unanoa patasi, na mimi nikakuruka miguu nikiingia, nikakuruka nikitoka, nikijua.

Mdogo wako,
Kioko