Asante kwa Kukata Tena

Kaloleni,
Kisumu.
14 Agosti 1971

Mpendwa ndugu yangu Gordon,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Agneta na mtoto hawajambo? Baridi ya Kabete bado inakulaza na soksi? Sisi huku tu wazima, na neno hilo leo naliandika kwa machozi ya furaha.

Unakumbuka Krismasi ile ulipotueleza mezani jinsi mnavyokata ubongo wa mbwa huko maabara kutafuta kichaa? Mama alikufukuza na sahani yako. Basi maneno yale ndiyo yaliyomwokoa binti yangu.

Mbwa alipomuuma Seline, jirani yetu Masinde alikuja mbio na rungu ampasue kichwa, kama wafanyavyo watu wote hapa. Nikapiga kelele asikiguse kichwa, maana ulisema ubongo ukipondeka hamna cha kukata. "Mama Seline, kwani huyu mbwa ni wa kwenu?" akaniuliza. Lakini alinisikiliza, akaenda kuchukua mkuki, akamchoma mbwa ubavuni. Daktari wa mifugo akakituma kichwa kwenu maabara kwa treni, ndani ya debe la barafu ya wauza samaki.

Seline alianza sindano za tumboni siku ile ile. Gordon, alilia mtoto! Mama mkwe akasema mbwa alikuwa mzima, tunamtesa bure, tuache. Nami nilikuwa karibu kukubali. Ndipo telegramu yako ikafika: mbwa alikuwa na kichaa, msiache sindano.

Barua yako iliyofuata nimeisoma hadi imechakaa. Kumbe vipande vya kwanza havikuonyesha kitu! Mwingine angefunga kazi akanywe chai. Wewe ulirudi kwenye ule ubongo uliogandishwa kwa nta, ukakata tena, vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ukavitia rangi, ukatazama kwa hadubini hadi ukaviona vidoa vyekundu vya ugonjwa. Ndugu yangu, sina cha kukulipa. Nashukuru, nashukuru tena.

Sindano zimekwisha, na daktari anasema tusiwe na hofu. Ila watu husema mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji, kwa hiyo Seline akishika kikombe tu, mimi naacha hata ugali uungue.

Baba Seline anakusalimu, na Masinde pia, ambaye sasa anajiita daktari. Mpe Agneta hao samaki wakavu, ngege wa ziwani, niliowatuma pamoja na barua hii. Mungu ailinde mikono yako.

Seline ameingia sasa hivi kutoka kucheza. Amekunywa maji ya mtungini kikombe kizima, na anaomba kingine.

Dada yako akupendaye,
Selpha