Kumi na Sita ya Mjerumani

Mingoyo, 2 Juni 1926

Mdogo wangu Kondo,

Pokea salamu zangu na za mpwa wako Mboni. Miili yetu mizima, mengine tunamwachia Mungu. Na wewe huko Dar es Salaam, kifua kimeacha kukusumbua?

Arobaini ya shemeji yako Hasani ilisomwa vizuri, na ubwabwa ulitosha. Bado niko edani, katika chumba kilekile cha shamba la mkonge, kilichopakana na nyumba ya mashine. Sitoki mpaka eda iishe.

Ninalo jambo, na usinicheke. Tangu wiki ile ya arobaini, kila jioni Andrea, fundi mwenzake Hasani, akiwasha mashine ya taa za nyumba ya bwana mwenye shamba, ukuta wangu unapata joto. Si ukuta mzima. Ni pale tu Hasani alipokuwa akiegemea akitoka kazini. Joto la mtu, Kondo. Mashine ikizimwa, naye anaondoka polepole. Mboni ametandika mkeka wake hapo, na mimi nimesogeza wangu. Jirani yangu Rosa, ambaye ni Mkristo, aliugusa akafanya ishara ya msalaba, na tangu hapo hajaingia tena.

Nimechoma ubani. Niambie nimsomee nini zaidi. Sitaki aondoke, nataka astarehe tu.

Dada yako,
Kidawa


Dar es Salaam, 19 Juni 1926

Shikamoo dada,

Kifua kimepona, alhamdulilahi. Nawaombea afya wewe na Mboni.

Barua yako niliisomea hapa kazini, kwenye mtambo wa umeme, nikairudia mara mbili. Hasani alikuwa kaka kwangu, unajua. Msomee Yasini, haipotei bure.

Lakini nijibu na haya. Waya aliouweka Hasani kwenda nyumba ya bwana, je, unapita ndani ya ukuta huo? Ni wa namba gani? Kuna kitu kipya kwa bwana tangu arobaini? Na ukisikia harufu yoyote niandikie upesi. Mboni asilale hapo, tafadhali.

Mdogo wako,
Kondo


Mingoyo, 8 Julai 1926

Kondo,

Marahaba. Mboni ana mafua kidogo, mimi mzima, ingawa maneno yako yameniuma. Nimekuuliza habari za mume wangu, wewe unaniuliza habari za waya.

Ndiyo, unapita humo. Waya wa Mjerumani askari waliung'oa wakati wa vita, watu wakaufua bangili. Hata hii aliyonipa Hasani, niliyoiweka kashani kwa ajili ya eda, ni kipande chake. Kilichobaki ni kibati tu mlangoni pa mashine, kimeandikwa 16. Hasani akaenda dukani Lindi akaomba 16, akapewa 16. Unatafuta kosa gani hapo? Kwa bwana amekuja mkewe wiki ile ya arobaini, na mafeni, na pasi ya umeme. Yananihusu nini mimi?

Harufu ipo. Ni ile ya mpira, ya mikono yake akitoka kazini. Juzi ilijaa chumba kizima, nikalia mpaka usingizi ukanichukua. Siku hizi ukuta haushikiki kwa muda mrefu. Usinitajie tena habari ya kumtenga Mboni na baba yake.

Dada yako,
Kidawa


Dar es Salaam, 20 Julai 1926

Shikamoo dada,

Leo siulizi afya. Barua hii nampa baharia wa meli ya Lindi, isije ikalala posta.

Hasani hakuwa mjinga. Kwa Mjerumani namba ni milimita za mraba za shaba yenyewe, kwa hiyo namba ikikua, waya unanenepa. Mwingereza anahesabu waya umevutwa mara ngapi kwenye matundu ya kuupunguza. Kwake namba ikikua, waya unakonda. Kumi na sita ya Mjerumani ni saba ya Mwingereza. Kumi na sita ya Mwingereza, aliyopewa Hasani dukani Lindi, ni uzi. Taa peke yake uliziweza, lakini mafeni na pasi vimeuzidi nguvu, unawaka ndani ya ukuta wako.

Usiniamini mimi. Toa bangili kashani, kisha tafuta kipande cha waya kilichobaki kwenye vyombo vya Hasani. Kwangua mpira, ulinganishe shaba na shaba.

Harufu ile ni mpira unaoungua, dada. Mwambie Andrea asiwashe mashine. Toka humo na mtoto. Eda haimfungi mtu ndani ya nyumba inayoungua, muulize mwalimu yeyote. Naogopa barua nitakayopata iwe imeandikwa na Rosa.

Mdogo wako,
Kondo


Mingoyo, 27 Agosti 1926

Mdogo wangu Kondo,

Tu hai. Najua nimekuweka roho juu, nisamehe. Mkono ulikuwa unakataa kuandika.

Nililinganisha kama ulivyosema. Shaba ya bangili ilikuwa nene karibu mara tatu. Nilikaa na vile vitu viwili mapajani, nikakuchukia sana. Jioni ilipokaribia nilitoka na nguo zangu za eda, nikasimama mlangoni pa mashine, nikamwambia Andrea hawashi mpaka aubomoe ukuta wangu. Alidhani nimerukwa na akili. Alipoubomoa, boriti ya ndani ilikuwa imeshageuka mkaa, akaigusa kwa kidole ikamomonyoka. Juu yake kulikuwa na makuti matupu.

Wameweka namba saba. Bwana aliuliza ni nani aliyeweka ule wa kwanza, Andrea akasema hamjui. Mungu amlipe.

Eda imekwisha, bangili nimeivaa. Ukuta sasa ni ukuta tu. Nakushukuru, Kondo, na bado nina hasira nawe. Umetuokoa, na umenifishia mume mara ya pili.

Jana mashine ilipowashwa nilimkuta Mboni amejibana pale penye udongo mpya, mikono ameitandaza ukutani. Nikamwambia, mwanangu, hapo pana baridi siku hizi. Akasema, "Najua, mama. Baba ndiye anayeona baridi. Namtia joto."

Sikumwondoa. Nilitandika mkeka wangu kando yake, nikauegemeza mgongo wangu ukutani.

Dada yako,
Kidawa