Pai ya Alhamisi

Jumatatu, 6 Mei

Risasi zimepanda bei tena! Nimeingia dukani na kikapu, nimetoka na boksi moja na hasira zangu. Verlyn kaniuliza kama nimenunua dhahabu. Mume wangu huyu hutania mara mbili kwa mwaka. Leo ilikuwa ya kwanza.

Basi nimerudi kwenye mazoezi makavu. Chumba cha chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia. Bastola tupu, sarafu ya senti moja juu ya ncha ya mtutu, unavuta kifyatulio taratibu — sarafu ikianguka, una mkono wa papara. Hakuna gharama, hakuna kelele. Paka hata hafumbui jicho.

Sheria zangu ni zilezile ninazowafundisha wageni wa klabu yetu ya shabaha. Risasi zinabaki jikoni. Bastola unaikagua kwa jicho, halafu kwa kidole. Karatasi ya shabaha unaibandika kwenye ukuta wa zege wenye udongo nyuma yake. Ukimaliza unasema kwa sauti: "Mazoezi yamekwisha!" Na ukishasema, yamekwisha. Hakuna "moja tu ya mwisho". Hiyo moja tu ya mwisho imetoboa televisheni za watu wazima wenye akili timamu. Wengine wanaona ni wendawazimu kusema peke yako na mashine ya kufulia. Mimi nasema.

Leo sarafu haikuanguka hata mara moja. Bibi wa miaka sitini na sita! Nimejipa biskuti mbili.

Alhamisi, 9 Mei

Jioni ya klabu, kule kwenye shimo la kokoto. Upepo, mbu wa kwanza wa mwaka. LaVonne kapiga vizuri, kafurahi, kageuka kutuonyesha meno — na bastola mkononi! Mtutu ukatupitia wote kifuani kama tochi.

Nikamwambia aiweke mezani, arudi nyuma, aende nyumbani. Akasema, "Lakini Ardis, ilikuwa tupu!" Nikamwambia zote huwa tupu mpaka siku hiyo. Kaondoka amevimba. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kamanda hana rafiki." Nimesikia. Nimependa.

Kwa hiyo Alhamisi ijayo analeta pai. Ndiyo desturi yetu, tangu enzi za baba mkwe: ukivunja sheria ya usalama, unaoka pai, unasimama mbele ya wote na kusema ulichofanya, kabla kisu hakijaigusa. Hakuna visingizio, hakuna kucheka. Ukimaliza, tunakula na yamekwisha. Hata mwenye sherehe ya kuzaliwa haleti pai Alhamisi, analeta keki, asije akaeleweka vibaya. Binti yangu Kari alikulia chini ya meza ile ya klabu. Alinenepa kwa makosa ya watu.

Mimi sijawahi kuleta. Naandika hapa tu, nisije nikaonekana najisifu.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Akina Mama. Verlyn kaniletea maua ya kituo cha mafuta, bei bado imebandikwa.

Kari kapiga simu kutoka Minneapolis. Kazini kwao wanampeleka mafunzo Denver, wiki tatu za Juni, na mumewe Tobias yuko zamu. Anafikiria kumleta mjukuu wetu Maren kwetu. Wiki tatu! Mtoto ana miaka sita na hajawahi kulala kwangu zaidi ya siku mbili, na hizo mbili wazazi wake walikuwa chumba cha pili. Tobias hataki nyumba yenye bunduki. Mwaka jana alikataa, na mimi nililia ndani ya gari ili Verlyn asione.

Safari hii Kari amemwambia, "Mama yangu amewarudisha nyumbani wanaume wazima. Hakuna nyumba salama kama ile." Nikaanza kuongea habari za hali ya hewa.

Atanijibu akishakaa na mumewe. Ee Mungu, mlainishe huyo mkwe.

Jumatano, 15 Mei

Bado hajajibu, lakini nimeshaanza. Ile stoo ya chini tunaigeuza chumba cha Maren. Rangi ya manjano, kitanda cha zamani cha Kari, shuka za sungura. Verlyn kasema ningoje jibu kwanza. Nikamwambia ashike brashi.

Rafu za mitungi ya matango zimetoka stoo, zimehamia kwenye ukuta wa zege karibu na mashine. Zimekula nafasi yote. Verlyn mgongo unamuuma, ananitazama kama punda aliyedhulumiwa. Nimempikia viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, kanisamehe.

Alhamisi, 16 Mei

LaVonne kaleta pai ya cheri. Kasimama, kasema yote bila kona, sauti ikimtetemeka kidogo. Nimekula vipande viwili. Kitako cha pai kilikuwa kimelowa, lakini sikusema. Nina moyo wa huruma siku hizi.

Jumanne, 21 Mei

Nimefyatua risasi ndani ya nyumba.

Hakuna aliyeumia. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 22 Mei

Sasa naweza kuandika.

Jana mchana nilishuka kufanya mazoezi. Ukuta wa zege umezibwa na mitungi, nikabandika shabaha kwenye ukuta wa mbao. Ule wa stoo. Kichwani mwangu bado ilikuwa stoo! Mikono yangu mwenyewe ilipaka rangi chumba kile, na macho yangu yakaona ubao tu.

Mazoezi yakaenda vizuri. Nikamaliza, nikasema "Mazoezi yamekwisha," nikapanda jikoni, nikaweka risasi kwenye bastola niirudishe kwenye kabati la chuma. Hapo hapo simu ikalia. Kari. "Mama, Tobias amekubali. Anasema anakuamini wewe, Baba ndiye hana uhakika naye." Nikacheka mpaka nikakaa. Tukaongea nguo, tukaongea mzio wa karanga, tukaongea jinsi Maren anavyorukaruka vitandani na hakuna wa kumkomesha. Nikakata simu nikiwa na furaha kuliko ilivyo salama kwa mtu mwenye bastola.

Nikashuka kubandua karatasi ya shabaha. Bastola mkononi — kwa nini? Sijui. Nikaiona ile karatasi, nikajisikia msichana. Nikasema, moja tu ya mwisho.

Masikio yalilia mpaka usiku. Paka hajarudi. Verlyn aliteremka ngazi ambazo mgongo wake haujateremka kwa kasi hiyo tangu tuoane. Akanigusa mabega, kichwa, mikono, anatafuta damu. Kisha akaenda chumba cha manjano. Nikamfuata.

Risasi ilipita ukuta, ikapita juu ya kitanda, ikaishia kwenye mablanketi kabatini. Juu sana ya mto. Nilishukuru kwa hilo, kwa sauti. Verlyn akaweka kiganja chake hewani juu ya godoro, sawasawa na lile tundu, na nikaelewa anapima nini. Ni kimo cha mtoto wa miaka sita aliyesimama kitandani.

Ijumaa, 24 Mei

Verlyn kaziba tundu pande zote mbili, kapaka rangi. Huwezi kujua. Mimi najua, kwa hiyo nimetundika picha ya bata juu yake upande wa kitanda. Bata watatu wanatua ziwani, mmoja ana uso wa kunishtaki.

Jana sikwenda klabu. Nilisema mafua. LaVonne kaniletea supu ya kuku! Kapiga honi, kaiacha mlangoni, kapaza sauti, "Pona haraka, Kamanda, tumezubaa bila kelele zako!" Supu ilikuwa tamu sana. Ningependa ingekuwa mbaya.

Paka amerudi. Haniangalii.

Jumanne, 28 Mei

Verlyn na mimi tumezungumza, kwa kipimo chake, yaani sentensi nne. Anasema limeshazibwa. Anasema nimejifunza. Anasema Tobias akijua, mtoto hatakuja sasa wala Krismasi wala akiwa na miaka kumi na sita. Na anamtaka mtoto. Hiyo ya mwisho kaisema akiangalia dirishani.

Namtaka pia! Nimeshanunua unga wa chapati za maji anazozipenda, na kofia ya kuogelea yenye masikio ya chura. Naiweka kofia mezani, naiangalia, naiondoa.

Jumamosi, 1 Juni

Darasa la wageni. Watu saba, mmoja kavaa suruali ya kijeshi kama anaenda vitani. Nimefundisha vizuri. Nimefika kwenye "Mazoezi yamekwisha", nikawaambia waseme wote pamoja, wakacheka, nikawakazia macho, wakasema.

Mama mmoja mpole, mwalimu wa piano, akaniuliza kama mimi imewahi kunitokea.

Nikasema, "Bado."

Imetoka laini kama siagi. Sauti haikutetemeka hata kidogo. LaVonne alikuwa pembeni anapanga miwani ya kinga, akatikisa kichwa kwa fahari: huyo ndiye Kamanda wetu. Nimeendesha gari kurudi nyumbani na madirisha wazi, nimejichukia njia nzima.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Alhamisi napeleka pai. Nasimama, nasema. Maren na mama yake wanakuja Ijumaa, kwa hiyo Kari nitamwambia Ijumaa, akishafika, akishakula, akishavua viatu. Verlyn kauliza kwa nini si leo, simu ipo ukutani. Nikamwambia kwenye simu haonekani uso.

"Wake au wako?" kasema. Hiyo ndiyo ya pili ya mwaka huu, na haikuwa utani.

Kweli naogopa. Klabu nawaogopa kidogo tu. Kari namwogopa sana. Yeye ndiye aliyesema hakuna nyumba salama kama hii, na alisema mbele ya mumewe.

Alhamisi, 6 Juni

Pai imetoka saa nane. Ya rubabi, yale mashina mekundu machachu yanayoota nyuma ya banda. Ukingo umekaa vizuri, juu nimesuka kama mkeka. Nikiaibika, niaibike na pai nzuri.

Nilikuwa bado nafuta unga mezani, nikasikia gari. Nikadhani ni la posta. Mara mlango, mara miguu midogo, mara "Bibiii!" na kichwa kikanigonga tumboni. Siku moja kabla! Kari nyuma yake na begi, anacheka, anasema ndege yake wameisogeza na alitaka kunishtukiza. Kaliacha begi mlangoni, kanikumbatia, kanusa nywele zangu kama alivyokuwa akifanya zamani.

Kisha kaiona pai.

Kaangalia pai, kaangalia kalenda ya benki ukutani. Nikaona tabasamu linaanza pembeni mwa mdomo. "Alhamisi," kasema. "Lo! Baba kafanya nini?"

Verlyn alikuwa kaingia kutoka bandani. Kasimama na kofia mkononi. Kafungua mdomo — na naapa mzee yule alikuwa tayari kulibeba kosa langu! Nilimwona anavuta pumzi.

Nikasema, "Ni yangu."

Kari akacheka. Akangoja nami nicheke. Maren kashapanda kwenye kigoda, kashapata uma, anauliza kama aanze. Kari akamwambia, bila kuniondolea macho, "Bado, mwanangu. Haikatwi mpaka aliyeioka aseme."

Basi nikasimama, mgongo kwenye jiko, kama tunavyosimama. Nikasema yote. Mitungi, ukuta wa mbao, simu yake, furaha, moja tu ya mwisho. Nikasema na la Jumamosi, lile "bado". Nikasema kimo cha tundu. Sikuweka kisingizio. Nilikuwa na vingi, vizuri kabisa.

Hakupiga kelele. Alikuwa na funguo za gari mkononi, kazishika ngumi. Kauliza, "Chumba kipi?" Na mimi, mwoga wa kusema cha Maren, nikasema, "Cha manjano." Kashuka. Verlyn kamfuata, kashika ukuta kwa sababu ya mgongo.

Ni dakika kumi sasa, au zaidi. Nimechukua daftari hili kwa sababu mikono inataka kazi na pai siwezi kuigusa. Kule chini nimesikia kitanda kimelia, kama mtu amesimama juu yake. Sasa nasikia picha ya bata inashushwa ukutani.

Begi bado liko mlangoni, zipu imefungwa. Maren ameweka kidevu mezani mbele ya pai, uma wima mkononi.

"Bibi," kasema, "si umeshasema?"