Mfupa wa Teleka

Shambani kwa Memsabu,
Njia ya Kapkatet, Kericho.
14 Julai 1957

Kwa rafiki yangu Muturi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua na ukungu. Natumaini wewe, Gathoni na watoto mu wazima, na kwamba huko Karatina chakula kinapatikana. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio si mzima sana, lakini hayo nitayafikia.

Tangu mlipopakiwa kwenye lori miaka mitatu iliyopita, nyumba yenu haijakaliwa na mtu. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo nawasikia panya wakitembea kwenu, na mara mbili nimebisha hodi kama mjinga. Nasonga ugali wa mtu mmoja, naumaliza kabla haujapoa, kisha sina wa kubishana naye. Chepyegon wa nyumba ya tatu hunialika, ila mazungumzo yake yote ni ng'ombe. Nimekuwa mpweke, Muturi, na siwezi kumlaumu mtu.

Kazi ni ile ile. Memsabu bado analetewa mawe kutoka bondeni, nami bado naitoa mifupa iliyomo ndani yake kwa sindano na kuipanga kwenye trei, ya ndege wa kale upande mmoja, ya ndege wa leo ya kulinganishia upande wa pili. Unakumbuka tulivyogombana juu ya teleka na mbayuwayu? Mimi nilisema ni ndugu, kwa sababu wanaruka pamoja na kula wadudu wale wale. Wewe ulinilazimisha kuitazama mifupa ya bawa, ya mbayuwayu myembamba, ya teleka mifupi na minene, ukasema undugu hauonekani angani, unaonekana mfupani. Ulisema kweli, mzee, ingawa sikukubali mbele yako. Na ni wewe uliyeutoa kwenye jiwe ule mfupa wa teleka wa kale, Memsabu akafurahi nusura acheze.

Yaliyofuata najua hupendi kukumbushwa. Mtaalamu aliyetumiwa mfupa alijibu kwamba ni wa ndege wa juzi tu, umetiwa rangi ya chai, na Memsabu akaaibika mbele ya wenzake. Trei ilikuwa yako na namba ilionekana ni ya mkono wako. Wiki ile ile askari wakaja kuwachukua Wakikuyu wote na kuwarudisha kwao kwa amri ya Hali ya Hatari, na Memsabu akakataa kuandika barua ya kukuombea ubaki. Mpaka leo ukitajwa huku unaitwa mdanganyifu.

Sasa sikiliza. Mwezi jana Joab, fundi, alizing'oa mbao zilizooza za sakafu ya chumba cha mifupa, na chini yake, vumbini, nikauona mfupa wenyewe, wa jiwe hasa, na namba yako juu yake. Memsabu aliupima siku tatu. Alisema ni teleka kweli, lakini mfupa wake ni mrefu kidogo kuliko wa hawa wetu, kwa hiyo hawezi kutiwa kundi moja nao. Ni aina ambayo haijaandikwa popote, na itapewa jina. Akaniambia kuwa, kwa vile mimi ndiye niliyeuona, jina hilo litatokana na langu.

Ni mimi, Muturi. Siku ile ulipokwenda sokoni Kapkatet, kabla mfupa haujatumwa kwa mtaalamu, niliuchukua kwenye trei yako, nitafute kosa nikushinde katika ubishi wetu. Mfupa ukaniponyoka, ukaingia kwenye ufa wa sakafu. Niliogopa kufukuzwa. Nikatwaa mfupa wa teleka wa leo, nikauchemsha na majani ya chai mpaka ukawa kahawia, nikaiga namba yako kwa wino, nikauweka mahali pake.

Nawe ulijua. Mtaalamu alipourudisha mfupa na Memsabu kutuita sote wawili, wewe uliugusa kwa ulimi ulivyozoea, maana mfupa wa kale hushika ulimi. Ule haukushika. Ulinitazama kwa muda mrefu, kisha ukamwambia kwamba hujui ilivyotokea. Naamini ulikuwa unanipa nafasi niseme mwenyewe. Nilitazama dirishani.

Alhamisi nilimwambia Memsabu yote. Alizipanga kalamu zake, kisha akaniambia niondoke mwisho wa mwezi. Jina langu amelifuta. Atampa ndege jina gani, hakusema. Nilimwomba jambo moja, akakubali: ndani ya bahasha hii imo barua yake kwa D.C., ya kukuombea pasi ya kusafiri ili urudi kazini pamoja na jamaa yako. Ukija hutanikuta. Nitakuwa Sigowet kwa mama yangu. Sikuombi unisamehe, nakuomba urudi tu.

Wasalimie watoto, hasa yule mdogo, ambaye bila shaka sasa anasoma. Gathoni naye umsomee barua hii yote, usimfiche hata mstari. Siku ile ya lori alinishika mkono akaniomba niende kwa Memsabu nikuombee, hata kwa neno moja. Nilimwambia sijui lolote.

Mimi niliyekuwa jirani yako,
Zacheus Kipkoech