Ulichotia Kwenye Chupa Ile, Kawira

Al Wakrah,
Qatar.
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Mpendwa dada Kawira,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Natumai wewe, Owen na Terry hamjambo, na kwamba goti la mama mkubwa limepoa. Mvua imefika Nkubu? Mama aliniambia mmepanda maharagwe. Mimi na Jeremiah tunaendelea. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kwenda dukani kwa miguu bila kurudi amelowa jasho.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Ningeufuata moyo wangu, barua hii ingeanzia pabaya. Na usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungelia, nami ningekubembeleza, na leo sitaki kukubembeleza. Anayekuletea ni Herbert, yuleyule aliyeniletea mzigo wako.

Unajua nilivyohangaika na vidonge vya kliniki ya huku. Yale madini ya chuma yalinichafua tumbo, kila asubuhi natapika hata maji. Muuguzi akanishauri nivimeze baada ya chakula cha jioni, nisivishushie na chai kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini, na nikishindwa nirudi wanibadilishie. Kabla sijarudi nikakupigia wewe. Wewe ndiye muuza vitamini wa ukoo, na ulikuwa umenisifia sana zile ulizomeza ukiwa na mimba ya Terry.

Ukasema unazo. Herbert akaja na majani ya chai, unga wa uji, na chupa ya vitamini za wajawazito iliyofungwa kwa selotepu. Nilifurahi, Kawira! Nilikuombea kanisani kwa jina. Na kweli hazikunitapisha. Ofisini nikawa natamba kwamba nina dada anayenijali kuliko daktari.

Ila kitu kimoja kilinitatiza. Chupa ilikuwa na picha ya vidonge vigumu vya kahawia, na ndani mlikuwa na vile laini vya manjano, vyenye mafuta. Nikakuuliza, tena wazi. Bado ninayo sauti uliyonitumia: “Wewe meza tu, Kendi, ni zile zile za kliniki. Naapa kwa huyu Terry wangu. Meza hata mbili, mtoto atoke na nguvu.” Nikameza mbili, kila siku.

Ijumaa ya wiki iliyopita tulikuwa kanisani Mesaimeer. Baada ya ibada tuliketi kula na Carolyne wa kwaya, yule mteja wako wa dawa za nywele. Nikatoa zangu nimeze. Akaangalia kiganja changu akacheka: “Ai, Kendi, hata wewe unatafuta nywele? Si hizi ni kama zangu?” Akatoa chupa yake mkobani. Umbo lile lile, rangi ile ile, mpaka harufu. Nyuma ya chupa yake pameandikwa waziwazi kwamba zina vitamini A nyingi na mjamzito asizitumie. Kicheko kikamwishia.

Nikakupigia palepale, na ndipo ulipokiri. Za wajawazito zilikuwa zimeisha, Herbert anasafiri kesho yake, ukaona aibu kumwacha aje bila vitamini ulizoniahidi. Ukachukua chupa tupu ya vitamini ulizomeza ukiwa na mimba ukajaza za nywele. “Si vitamini ni vitamini tu?” ukaniuliza. Hapana, Kawira. Mtu mwingine angeniambia hivyo ningemwelewa. Wewe maandishi yale unayaona kila unapofungua katoni.

Jumapili nilikwenda kliniki na chupa zote mbili. Daktari hakunigombeza. Alisema vitamini A ya aina ile ikizidi, hasa mimba ikiwa changa, inaweza kumdhuru mtoto anapoumbwa. Akanibadilishia dawa: kidonge kimoja kwa siku chenye asidi ya foliki na chuma kiasi, nisiongeze cha pili hata nikijihisi mnyonge, na nisimeze kitu chochote nilichotumiwa kutoka nyumbani kabla hajakiona kwenye chupa yake halisi. Walipompiga mtoto picha, waliona uso uko sawa, uti wa mgongo uko sawa. Moyo hawakuuona vizuri. Alhamisi narudi kwa mtaalamu wa moyo. Jeremiah hulala mkono wake ukiwa juu ya tumbo langu.

Nina hasira na wewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani wanasema habari za watu wengine. Kukosa si dhambi. Ungesema huna, ningepanda basi nikaenda kliniki na mambo yangeishia hapo. Uliapa kwa mtoto wako, nami nikamhatarisha wangu.

Siku ile ukilia kwenye simu ulinitajia Gakii, mke wa kaka yetu Douglas. Ulisema naye ulimpa zile zile, na hajawahi kulalamika. Mimba ya Gakii ni changa kuliko yangu. Nikakusihi, ukaniahidi utampigia jioni hiyo hiyo umwambie aache. Nilikuamini tena, Kawira. Pamoja na yote hayo, nilikuamini.

Jana nilimpigia mwenyewe, nia yangu nimpe pole tu. Alikuwa ndiyo kwanza amemeza mbili. Hakuwa amesikia lolote kutoka kwako.

Sasa amezitupa, na Douglas anampeleka kliniki. Wateja wako wengine wenye mimba mimi siwajui. Wewe unawajua.

Nisalimie Owen na mama mkubwa, na umkumbatie Terry kwa niaba ya mama yake mdogo. Mungu awafunike watoto wetu wote, wako, wa Gakii, na huyu anayenipiga teke ninapoandika.

Wako akupendaye, na ndiyo maana inaniuma hivi,

Kendi