Kuku Ameatamia Kiti cha Mama

Maisaka,
Babati.
12 Juni 2025

Mpendwa Kaka Konstantini,

Shikamoo kaka. Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi ya huku. Asubuhi ziwa halionekani kwa ukungu, na mahindi yamekauka shambani yanangoja mikono. Mimi na watoto tu wazima. Wifi Ursula anaendeleaje na mgongo? Na Adrian ameshalizoea joto la Mtwara, au bado analala sakafuni?

Ukiniuliza kama nimelala vizuri wiki hii nitakuongopea. Ninaogopa, kaka. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu unacheka kabla sijamaliza, na haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Kwanza gari. Landrova ya Baba imependeza, sitakunyima hilo. Fundi Wilbert amemaliza injini, na ndani amefunga viti ulivyotuma, vile vya gari la kisasa vinavyosogea mbele na nyuma. Dashibodi ni mpya, redio ina skrini, kiyoyozi kinapuliza mpaka magotini. Kava nimeshona mwenyewe kwa cherehani yangu, rangi ya kahawia. Anayepanda sasa hawezi kuamini ndilo gari lililokuwa likitujaza vumbi puani tukienda Mbulu.

Sasa nisikilize. Uliposema Baba amekubali tubadilishe kila kitu, sikuuliza zaidi. Wewe ndiye mkubwa, mimi kitinda mimba, ningeuliza nini? Lakini tulilelewa tukijua kwamba kitu cha mzee hakifunguliwi mpaka usikie kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi nilishika spana kwa neno la kubebewa. Kosa hilo ni langu, silikimbii.

Jumapili ya Pentekoste nilikwenda Dareda kumwona Baba kwa shangazi Gaudiosa, anakokaa gari likitengenezwa. Macho ndiyo basi tena, anatambua mwanga wa mlangoni tu. Tukiwa kwenye chai akaniuliza taratibu kama kiti cha mama yetu kimefunikwa vizuri, vumbi la gereji lisikiingie. Kumbe alikubali injini tu.

Unakikumbuka kiti kile cha abiria. Kilipopasuka, marehemu Mama alikishona kwa mkono, kwa uzi wa magunia na kipande cha turubai, mishono imepinda kama njia ya siafu. Usilolijua ni hili, maana ulishaondoka nyumbani. Tangu macho yaanze kufifia, Baba kila asubuhi hupapasa ukuta mpaka kwenye gari, huketi nyuma ya usukani, na mkono wa kushoto huuweka pale kwenye mishono. Hukaa hivyo mpaka chai iive. Ndiyo maana ulivyosema amekubali, nilidhani ameamua mwenyewe kukiaga.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Wilbert kabla hajafungua. Viti vya zamani hana, aliwagawia watu. Cha Mama kilichukuliwa na Mama Herieli wa Mutuka. Nikapanda bodaboda, njia nzima nasali rozari bila kujua niko fungu la ngapi. Kiti nilikikuta kwenye banda la kuku. Tetea mwekundu amekiatamia, mayai kumi na moja, kifua chake juu ya mishono ya Mama.

Nilinyoosha mikono nimwinue, Mama Herieli akanizuia. Kuku anayeatamia ukimhamisha anasusa, na mayai yote yanaoza, wewe mwenyewe unajua. Zilibaki siku tisa atotoe. Baba alikuwa arudi nyumbani Jumamosi hii. Nilihesabu mara tatu palepale bandani na siku zikakataa kutosha.

Sikufichi, nilifikiri kumdanganya. Nilitafuta turubai jingine na uzi uleule wa magunia, nikaanza kupinda mishono kama ya Mama. Nilifika robo nikaingiwa na woga. Vidole vya Baba vinakijua kiti kile kuliko ninavyolijua jina langu, vingenikamata kabla hajakaa vizuri. Nikafumua yote.

Jana nilirudi Dareda nikamwambia kila kitu, nimepiga magoti. Hakugomba, na heri angegomba. Aliuliza tu kuku ameatamia mayai mangapi. Nikamwambia.

"Mwacheni atotoe," akasema. "Mama yenu hakuwahi kumwinua kuku."

Akasema atabaki Dareda mpaka kiti kirudi. Nikadhani yamekwisha, nikapumua.

Lakini unajua Baba anavyotuombea kabla mtu hajaondoka, anatutaja mmoja mmoja, na siku zote huanza na wewe. Jana alianza na Romani anayekufuata, akanitaja mimi, akawataja wajukuu wote hadi Adrian wako, akasema amina. Lako hakulitaja. Shangazi alifumbua macho akanitazama, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Kaka, woga niliokuwa nao kwa ajili yangu sasa wote ni kwa ajili yako. Najua ulitaka Baba akae pazuri, tena ulitaka kwa moyo. Lakini ana miaka themanini na minne, na mzee wa umri huo hangojeshwi. Usimpigie simu. Njoo. Kuku atatotoa Jumatano ijayo; tukichukue kiti sisi wawili, ukifunge mahali pake kwa mikono yako, halafu uende Dareda umwambie mwenyewe ni nani aliyesema amekubali.

Nisalimie sana wifi Ursula na Adrian. Romani na shangazi Gaudiosa wanakusalimu. Wilbert naye, ingawa kwa aibu. Mungu akufungulie njia, umkute Baba bado ana sauti ya kulitaja jina lako.

Mdogo wako akupendaye,
Lukresia (Mama Jenifa)