Kiti cha Mzee Asani

Kimanga, Uvira
9 Oktoba 1960

Mpendwa Manassé,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Bukavu. Kile kikohozi kimepona? Sisi tu wazima. Mama yako ameshuka kutoka milimani na siagi, na magoti hayamsumbui sana.

Barua yako nilimsomea. Kosa la wengi tangu uhuru wa Juni, mwanangu, ni kudhani kwamba matabishi, hizo bakshishi za wahudumu, yalikuwa desturi ya Wabelgiji, na kwamba yamepanda ndege pamoja nao. Wewe badala ya kumwachia mhudumu wa hoteli huko Bukavu sarafu ulimvutia kiti, ukamwambia, "Papa, sisi sote ni wananchi, kaa tule." Mama yako alifurahi. Kwetu kule juu, anayekula peke yake mbele ya mtu mzima huonekana hana malezi.

Lakini jana alinijia Sharifa wa Kalundu, mke wa mhudumu huyo, mzee Asani. Mwenye hoteli alimkuta mumewe amekaa na mteja huku meza nyingine zikingoja, akamfukuza kazi.

"Mwalimu," aliniambia, "miaka yote bwana yangu anasimama. Siku moja tu anakaa, kazi inaisha. Mwambie mutoto wako, heshima yake iko nzuri, lakini haiingie mu sufuria."

Asani angekukataliaje? Wewe ni karani, umevaa tai, tena umemwita baba. Mshahara wake ni mdogo kwa kuwa tajiri wake anategemea wateja waujazie. Si haki, na ninyi wenye ofisi mna wajibu wa kulirekebisha jambo hilo. Kwa sasa, ukimaliza kula, acha kitu chini ya kisahani na umshukuru mhudumu yeyote kwa jina lake. Atagawana na mpishi na yule anayeosha vyombo, ambao wewe huwaoni. Usitoe kabla ya chakula, maana hapo hushukuru, unanunua kuhudumiwa kabla ya wenzako.

Usijilaumu mno. Moyo uliokivuta kiti kile ndio niliouombea tangu ulipokuwa darasani kwangu.

Mama yako, mke wangu Mukabera na binti yetu Célestine wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kila uingiapo na kila utokapo.

Siku utakayoipata barua hii, kabla hujala, nenda kwa mwenye hoteli umwambie kwamba ni wewe uliyemkalisha mzee Asani.

Mjomba wako anayekupenda na kukuombea,
Semana